Bwana Misitu na Paka wa Mahame

Nianze na ubaya wangu, maana nikianza na wema wake nitaonekana na mimi nilikuwa mtu mwema, na sikuwa. Kwa misimu miwili nilikuwa nafungua mitego ya Bwana Misitu. Nilipanda mlima alfajiri kabla yake, nikamtoa paka aliyenaswa, kisha nikaliacha komeo la mtego limelegea upande, ili akifika adhani ni yeye aliyesahau kulifunga. Kumtoa paka naweza kujitetea. Hilo la komeo sina utetezi nalo, na ndilo linaloniamsha.

Sasa nimsimulie mwenyewe, ingawa kumsimulia ni kazi, kwa sababu hakuwa mtu wa kutulia ukamtazama. Pale Kwashemshi tulimwita Bwana Misitu kwa kazi yake, na nyuma ya mgongo wake tulimwita Hakai. Ukimkaribisha kiti, anakishika mgongo, anakisukuma, anakizunguka, na chai anainywa amesimama huku macho yakiwa mlimani. Mama yangu hakuwa mtu wa kuficha neno. Siku moja alimwambia, "Baba, kaa basi, kiti hakina miiba." Akajibu, "Mama, nikikaa nasikia mtu anakata mti." Mama akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, nilimwona ana maringo.

Alikuwa Mzigua wa Handeni, na sisi Washambaa tulimtania tukachoka sisi. Kwao maji husakwa. Kwetu mto unapita nyuma ya jiko, lakini yeye alinawa miguu kwa kopo moja, akiwa amesimama ukingoni mwa mto wenyewe. Nilimuuliza mto wote ule anamwachia nani. "Walio chini, Mwalimu," akasema. Ukiishi jirani na mtu wa namna hiyo unachoka, maana kila unachomwaga unajiona mwizi.

Mwalimu ndilo jina aliloniita, kwa kuwa nilifundisha kisomo cha watu wazima jioni. Nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa mama, nina miaka thelathini na kidogo na ulimi ambao mume wangu wa zamani anaweza kuwaeleza. Bwana Misitu alikuwa anakuja mlangoni mwa darasa, hajaitwa, anaomba dakika tano za kuzungumzia msitu. Dakika tano zake zilikuwa saa nzima. Wazee waliokuwa wanahangaika na herufi "kh" walifurahi, maana alikuwa anawapumzisha, na mimi nilisimama pembeni na chaki yangu nimekasirika.

Basi, tuje kwenye paka.

Zamani kila ukoo ulikaa huko juu, nyumba mbili hapa, tatu kule, msitu ukiwa mgongoni. Ukaja mwaka wa kuhamia kijijini, kuteremka wote barabarani tukae pamoja, tupate shule na bomba. Lori lilipanda mpaka lilipoweza kufika. Viongozi wa chama walisimamia, na Bwana Misitu naye alitumwa kusaidia, kwa vile alizijua njia zote. Na sisi kwetu tulikuwa na jambo letu: paka hahamishwi. Mtu huhama na kuku, na mbuzi, na jiwe la kusagia, lakini paka ni wa nyumba. Wazee walisema nyumba yenye paka haijawa hame, hata paa likianguka. Siku paka akitoweka ndiyo nyumba imekufa, na wale waliozikwa nyuma yake wanabaki bila mtu.

Kwa hiyo bibi zetu wakaanza kuuliza, je, hawa paka tunawaachia nani? Lori linanguruma, dereva anagomba, magodoro ya majani yanaanguka. Bwana Misitu alikuwa na haraka zake za siku zote. Akasema, "Waacheni, mama zangu. Paka hafi njaa."

Wakawaacha. Kila hame likabaki na paka wake, na wengine walikuwa na mimba.

Alikuwa sahihi, hawakufa njaa. Baada ya msimu wa pili alishuka mlimani siku moja saa za mchana, akanikuta napepeta mchele uani. Kwenye jani la mgomba alikuwa amebeba kitu. "Mwalimu, unamjua huyu?" Nilimjua kwa jina, ila sikuwahi kumwona kwa karibu hivyo. Alikuwa sange. Ni mnyama mdogo, mkubwa kuliko panya, pua ndefu iliyochongoka, miguu myembamba ya kurukia, mgongo mweusi na mbavu rangi ya kutu. Anatembea mchana, anapekua majani makavu akitafuta wadudu, na usiku analala chini kwenye rundo la majani alilokusanya mwenyewe. Hana mti wala shimo. Huyu alikuwa ametafunwa shingo na kuachwa.

"Hakuliwa hata," akasema. "Ameuawa tu. Na kwenye jiko la nyumba yenu ya zamani kuna mikia, kuna manyoya ya kwale, kuna miguu." Alikuwa anazunguka kinu changu huku anazungumza. "Chui amekua naye. Nyoka amekua naye, anajua harufu yao na anajua pa kukimbilia. Paka hamjui. Paka tumemletea sisi."

Nikamwambia ni panya mwenye pua ndefu, asitie chumvi.

Alisimama. Ni mara chache nilimwona ametulia kabisa. "Mwalimu, huyu kwao ni hii milima. Ukimmaliza hapa hakuna mahali utakwenda kumwazima." Kisha akafunika lile jani, akaondoka nalo, na nilijua anakwenda kumzika. Nilisikia haya kidogo, lakini sikumwambia.

Tangu hapo akaanza mitego. Aliitengeneza mwenyewe, masanduku ya mbao yenye mlango wa kuanguka, na juu komeo la mti la kuufungia mlango ukishaanguka, ili paka asiweze kuusukuma kutoka ndani. Komeo lilikuwa na kigingi chake, na kila jioni alikikaza kwa mkono likae tayari kuanguka na mlango. Chambo chake kilikuwa dagaa aliowaagiza Korogwe. Jioni anatega, asubuhi anapanda kuangalia. Paka waliokuwa bado na hali ya kufugika aliwatia kwenye tenga la kuku, akalifunga nyuma ya baiskeli, akateremka nao mpaka mashamba ya mkonge ya Mazinde, kwenye maghala ambako panya walikuwa wanatafuna magunia. Kule walimpokea kwa furaha. Njiani paka wanalia, watoto wanamfuata, na wanawake wanamwita Baba Paka. Aliitika.

Wale waliokwisha kuwa wa porini kabisa aliwaua. Alikwenda kwanza kwa shehe kuuliza. Shehe alimwambia anayedhuru huondolewa, ila asimtese, na asifurahie. Sidhani kama alihitaji kuonywa hilo la pili. Siku aliyoua hakugusa nyama, na alitembea kijiji kizima juu chini mpaka jua linazama, akiwaamkia watu aliokwisha kuwaamkia.

Na mtu huyohuyo alikuwa na paka nyumbani. Paka jike, mweupe na madoa, amefungwa kamba ya katani kiunoni kama mbuzi, anakula dagaa wale wale. Alimwita Mfungwa. Ukimuuliza, anasema, "Huyu ana makosa gani? Makosa ni yangu." Usiku alimlaza ndani kwa ndani. Mke wake alituambia wanawake wenzake kisimani kwamba paka anapata shuka na yeye anapata mgongo.

Mkutano wa kijiji uliitishwa kwa sababu yake. Watu walikuwa na hasira. Mwenyekiti alisema serikali imemleta mtu kulinda miti, na sasa anawinda paka za watu. Mzee mmoja akasema, paka akiondoka panya hutawala, na ghala letu la kijiji lina mahindi ya wote. Mwingine akasema kuua paka ni mkosi kwa watoto. Bwana Misitu alisimama mlangoni, mguu ndani, mguu nje. Alisema paka wa kijijini hamgusi hata mmoja, kila nyumba ikae na wake. Anaowataka ni wale wa juu. Kisha akasema jambo ambalo kiongozi yeyote mwingine wa wakati ule asingelisema mbele ya watu: "Mimi ndiye niliyewaambia muwaache. Nilikosea. Aliyeleta ndiye arudishe."

Wengi walimheshimu tangu siku ile. Nami nilimheshimu, na kesho yake nilipanda mlimani nikafungua mtego.

Sababu ni mama. Miguu yake ilikuwa imevimba, mlima ulikuwa umemshinda, na kijiji hakikumwingia moyoni kamwe. Alikuwa anasema nyumba ya barabarani ni ya kungojea basi. Huko juu alimwacha mume wake, baba yangu, chini ya ardhi nyuma ya jiko, na paka mmoja wa kijivu ambaye hakumpa jina. Alimwita mwenye nyumba. Kila Ijumaa nilipanda kufagia kaburi, na nikirudi, kabla sijatua jembe, mama anauliza kwa Kishambaa chetu kama nimemkuta mwenye nyumba. Nikisema nimemkuta, anashusha pumzi, anakula. Kulikuwa na Ijumaa moja sikumkuta, nikasema kweli. Mama hakula siku tatu. Alikaa anatazama ukuta, akaniambia, "Kumbe nimeshakufa, mnaningoja tu." Tangu siku hiyo nilijua kazi yangu ni nini.

Kwa hiyo nilipomkuta yule wa kijivu ndani ya sanduku, ananitazama kwenye upenyo wa mbao, nilivuta komeo. Baadaye nikaanza kufungua hata mitego yenye paka wengine, maana wengi walikuwa wanawe, na niliogopa nikimwachia mmoja tu nitajulikana. Na nililegeza komeo, nikakipinda kigingi kidogo. Niseme ukweli, mara za kwanza nilicheka. Nilimwona mtu anayejua kila kitu, nikasema acha na yeye akosee.

Alianza kwa kubadilisha makomeo. Akaweka ya mninga. Akaweka waya. Kila asubuhi dagaa wameliwa, mlango umelegea, na sanduku tupu. Akaanza kunisimulia, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabla ya njia ya mlimani. "Mwalimu, nimefunga jana. Nakumbuka nimefunga." Nikamwambia labda ni nyani. Akasema hakuna nyayo za nyani. Alikuwa sahihi tena, nami nikamwambia labda ni umri. Alikuwa hajafika hamsini.

Jioni moja alikuja darasani. Hakuomba dakika tano za msitu. Aliniomba niende naye juu, mara moja tu, nimwone akitega. "Nataka mtu anayejua kusoma na kuandika, mtu wa kuaminika," alisema mbele ya wanafunzi wangu wote. "Nishuhudie." Nikaenda. Nilisimama kwenye kiwanja cha nyumba yetu, karibu na kaburi la baba, nikamtazama. Alitega taratibu, akisema kila tendo kwa sauti. Sasa naweka dagaa. Sasa nainua mlango. Sasa nakaza kigingi. Akakikaza. Akaniambia nilitikise komeo mwenyewe. Nikalitikisa. Halikutikisika. "Nimefunga?" "Umefunga, Bwana Misitu."

Alfajiri nilifungua. Ndani alikuwamo yule wa kijivu. Ningefanyaje?

Alishuka asubuhi akapita moja kwa moja mpaka kwetu. Mama alikuwa amelala. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, jana nilifunga?" Mtu alikuwa ananiomba akili zake mwenyewe, na nilikuwa nazo mkononi. Nikasema, "Giza lilikuwa linaingia. Sikuangalia vizuri."

Akashukuru. Ndiyo, alinishukuru, kisha akaondoka, na hakuzunguka kijiji siku ile. Alikwenda nyumbani kwake akafunga mlango.

Hakutega tena. Aliandika barua kuomba aondolewe msituni, apelekwe kwenye bustani ya miche Korogwe, ambako kazi ni kumwagilia na kufunika mbegu. Watu walishangaa, mtu kama yule kukaa na vimiche kwenye vikopo. Siku ya kuondoka alikuja kumuaga mama. Mama akamuuliza, bila kujua anauliza nini, "Baba, huko juu unamwona mwenye nyumba wangu?" Bwana Misitu alikuwa hajui kusema uongo, na siku hiyo hakuhitaji. Alisema, "Nimemwona juzi, mama. Mzima, mnene." Mama akamshika mikono akaibusu. Mimi nilikuwa jikoni, nilitia chumvi mboga mara mbili.

Mama alikufa baada ya masika mawili, ameshiba, anaamini nyumba yake ipo. Hilo silijutii, na yeyote anayetaka nilijutie aje aniambie usoni. Baada ya arobaini nilipanda juu kufagia, nikakaa kwenye bonde lililo chini ya hame letu kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Nilikuwa natafuta kitu kinachopekua majani. Zamani ulikuwa unasikia tu, hata usipotazama, chakarachakara, kisha kimya, kisha chakarachakara. Sikusikia kitu. Nilirudi wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Paka wa kijivu alikuja akajisugua kwenye miguu yangu, na nilimfukuza kwa fimbo, nikalia, kisha nikamwita arudi.

Miaka mingi ilipita. Nilikuwa nimeacha kufundisha, macho yameingia ukungu, nikaenda hospitali Korogwe. Kwenye benchi la wagonjwa wa macho nilisikia sauti inamwambia mtu, "Angalia tena kama kadi ipo." Sauti ya kike ikajibu kwa uchovu, "Ipo baba, nimeangalia." "Angalia tena." Nikageuka. Alikuwa mzee mwenye kofia nyeupe, amekaa kitako, mkono wake unapapasa kifungo cha shati, kisha mfuko, kisha kifungo. Pembeni alikuwa binti yake, mtu mzima, ana kikapu mapajani.

"Shikamoo, Bwana Misitu," nikasema.

Hakunitambua kwa macho, alitambua sauti. "Mwalimu." Akacheka, akamwambia binti yake huyu ndiye mwalimu wa Kwashemshi, tuliishi naye jirani. Tukaulizana hali, waliokufa na waliobaki. Binti akaniambia, kwa kunitaka radhi, kwamba baba yake nisimshangae, ndivyo alivyo tangu wahamie Korogwe. Mlango wa nyumba anaufunga mara nne, mara tano. Anafika njia panda anarudi kutazama. Bustani ya miche walimwachisha kazi mapema, kwa kuwa alikuwa anarudi kumwagilia miche iliyokwisha kumwagiliwa mpaka inaoza.

Bwana Misitu alisikiliza kana kwamba anasemwa mtu mwingine. Kisha akaniinamia. "Sange wa lile bonde wamerudi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa na mazoezi ya kutosha.

"Hawapo," nikasema. "Kule ndani, kwenye msitu mkubwa, wakata kuni wanasema wanawaona. Bonde letu hawapo."

Akatikisa kichwa polepole. "Nililegea," akasema. "Sikujua kufunga."

Basi nikamwambia. Nilisema pale pale benchini, watu wamekaa na kadi zao mikononi, na sikupunguza sauti. Nilimwambia habari ya paka wa mama, na Ijumaa, na mlima alfajiri. Alinikatiza mara moja tu.

"Na komeo?"

"Nililegeza mimi."

"Ile siku uliyonishuhudia?"

"Ulifunga. Ulifunga vizuri kabisa. Nilifungua asubuhi."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka, ningelipokea tusi lolote. Mkono wake uliacha kifungo, ukamtafuta binti yake ukamshika. "Umesikia?" akamwambia. "Nilikuwa nafunga." Akarudia, "Nilikuwa nafunga mimi," na uso wake ukakunjuka, akawa kijana mbele ya macho yangu mabovu.

Binti hakukunjuka. Alinitazama, akasema taratibu, bila kuniita mama wala jina lolote, "Mama yetu amekufa akiamini ameolewa na mwehu."

Nilitazama sakafu. Bwana Misitu alikuwa ameshamgeukia mgonjwa wa upande wa pili, mtu asiyemjua kabisa, anamwonyesha kwa vidole jinsi kigingi kinavyokazwa.